Kufundisha uandishi wa mahitaji ya programu kwa kazi za vikundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wakufunzi wa kompyuta na uhandisi wa programu katika vyuo vya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe ambao wamepangiwa somo la mahitaji ya mfumo. Wengi hulipokea shingo upande kwa sababu lina sifa ya kuchosha. Sifa hiyo si haki yake. Likifundishwa kwa mikono na midomo ya wanafunzi wenyewe, ni somo linalofanya darasa zima libishane hadi muda wa kutoka upite.

## Tunaposema hati ya mahitaji tunamaanisha nini?

Ni maandishi yanayoeleza mfumo utafanya nini, kwa ajili ya nani, katika hali zipi na kwa mipaka ipi, kabla haujajengwa. Namna ya kuujenga haimo. Hati inaweza kuwa kurasa mia moja za mkataba au kadi kumi zilizobandikwa ukutani. Kinachotakiwa ni kwamba mtu ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo aisome, ajenge, na mteja akikabidhiwa aseme ndicho alichokitaka.

Vyuo vingi vilizoea mwongozo wa IEEE 830 (IEEE ni taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki), toleo la 1998, uliotaja sifa nane za hati nzuri: iwe sahihi, isiwe na utata, iwe kamili, isijipinge, ipangwe kwa uzito wa mahitaji, ithibitike, irekebishike na ifuatilike. Mwaka 2011 mwongozo huo ulipisha ISO/IEC/IEEE 29148, ambao nao ulitolewa upya 2018. Kama mtaala wako bado unataja 830, usihangaike. Zile sifa nane bado zinafaa kufundishia, ilimradi umweleze mwanafunzi kwamba kazini atakutana na mwongozo mpya.

## Kwa nini vikundi? Sifa nane si zinafundishika kwa mhadhara?

Zinakaririka kwa mhadhara. Mwanafunzi ataandika kwenye mtihani kwamba hati haitakiwi kuwa na utata, atapata alama zake, na jioni hiyohiyo ataandika kwenye kazimradi yake kwamba "mfumo utatoa ripoti husika kwa haraka", wala hataona tatizo. Haoni kwa sababu kila akiisoma sentensi yake, kichwa chake kinajazia kilichokosekana. Yeye anajua ni ripoti ipi. Anajua haraka ni kiasi gani. Shimo lipo, lakini yeye ndiye aliyelifunika.

Anayeweza kuliona ni msomaji mwingine, na tena msomaji asiyeruhusiwa kumuuliza mwandishi. Kila shughuli iliyomo humu imejengwa juu ya kanuni hiyo moja: mwandishi anyamaze, andiko liseme lenyewe.

Hapo ndipo kazi nyingi za vikundi zinapopotea. Kikundi kinakaa pamoja, kinabungua bongo, kinajaza bangokitita, kisha mmoja anasimama mbele kuwasilisha. Wameshirikiana vizuri sana, lakini mwandishi bado yupo hapo anafafanua kwa mdomo kila palipo na utata. Mwalimu akiuliza "hapa mlimaanisha nini?" anajibiwa vizuri, na jibu halimo kwenye karatasi. Mbinu shirikishi ni nzuri, ila katika somo hili haitoshi watu kushirikiana. Lazima hati ihame kutoka mikono iliyoiandika kwenda mikono isiyoijua.

## Nianze na shughuli gani siku ya kwanza?

Kuchora. Ni fupi, haihitaji chochote zaidi ya karatasi na kalamu, na inamaliza kiburi cha kila mtu kwa pamoja bila kumwaibisha mmoja.

Chora michoro miwili au mitatu ya maumbo: mraba, pembetatu, duara, mistari miwili inayokatana. Wape nusu ya vikundi. Kila kikundi kiandike maelezo yasiyozidi mistari kumi, bila kuchora chochote, ili mtu asiyeuona mchoro aweze kuunakili. Kisha kusanya michoro, ifiche, na uwape maelezo vikundi vya upande wa pili. Wao wachore. Waandishi wakae kimya. Wasitikise hata kichwa, maana kutikisa kichwa nako ni kufafanua.

Mwishoni bandika ukutani mchoro wa asili na nakala zake zote. Utaona duara moja limekaa ndani ya mraba, lingine limeugusa kwa juu, lingine linaelea mbali nao, na wote walisoma sentensi ileile: "Chora duara juu ya mraba." Hapo usihutubie. Uliza swali moja tu: ni neno gani lilikupeleka huku? Wachoraji wataje neno, waandishi walisahihishe palepale, na maelezo mapya yaende kwa kikundi cha tatu ambacho hakijaona chochote. Duru hiyo ya pili ndiyo inayofundisha. Duru ya kwanza huwa ni kicheko tu, na mwalimu akiishia hapo wanafunzi watakumbuka kicheko.

## Mteja anatoka wapi? Wanafunzi wetu hawana mteja.

Mteja mtengeneze kwa igizo dhima. Chagua shughuli ambayo darasa zima linaifahamu kwa juujuu na wachache wanaifahamu kwa ndani. Kwa huku kwetu sijaona mfano unaozidi VICOBA. Karibu kila mwanafunzi ana mama, shangazi au dada aliye kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kwa hiyo wote wanadhani wanaijua. Dhana hiyo ndiyo tunayotaka kuifukua.

Mpe mtu mmoja nafasi ya mweka hazina. Mkufunzi mwenzako anafaa zaidi, au mhasibu wa chuo kama ana nafasi. Mpe karatasi ya siri yenye kanuni za kikundi: bei ya hisa moja, hisa zisizozidi tano kwa mkutano, mkopo usiozidi mara tatu ya akiba, faini ya kuchelewa, mfuko wa jamii, sanduku lenye kufuli tatu na funguo zinazoshikwa na watu watatu tofauti, mgawo mwisho wa mzunguko. Mwagize ajibu anachoulizwa tu, na ajibu kama mteja wa kweli anavyojibu: kwa hadithi, kwa mifano, kwa "sisi huwa tunafanya hivi", na mara nyingine kwa kujipinga.

Kikundi kipewe dakika kumi na tano za kuuliza. Kisha mteja aondoke chumbani. Wakishaanza kuandika ndipo maswali ya kweli yanapozuka. Mara tatu ya akiba ipi, ile ya kabla ya hisa za leo au baada yake? Mwanachama aliyesafiri akituma hisa yake kwa simu, makato ya kutuma yanamwangukia yeye au kikundi? Ambaye hajalipa faini anaruhusiwa kukopa? Mwanachama akifariki akiwa na mkopo, deni linakwenda wapi? Mwenye kitochi ataupataje ujumbe wa salio?

Wape nafasi ya pili ya kumwona mteja, fupi zaidi, dakika tano tu. Safari hii watakuja na maswali yaliyoandikwa, yamepangwa, na hawatapoteza muda kuuliza rangi ya skrini.

Kuna jambo la malezi hapa ambalo vitabu vya kigeni havilitaji. Kijana wa huku amefundishwa kutombana mkubwa kwa maswali. Mama mweka hazina akisema "tunakopesha kwa kuaminiana", mwanafunzi ataandika "kuaminiana" na kushukuru, kwa sababu kumwuliza zaidi anaona ni utovu wa adabu. Usimwambie aache adabu. Mfundishe maneno ya kuulizia ndani ya adabu: "Shikamoo mama. Samahani, naomba nikurudishe nyuma kidogo." "Mama, tuseme mimi ni mwanachama mpya na leo naomba laki tatu, mtanijibuje?" Swali la pili ni zuri mno, kwa kuwa halimhukumu mtu, linamwomba asimulie. Watu wazima hupenda kusimulia, na ndani ya simulizi ndimo kanuni zinamokaa. Zoezi la kuuliza kwa heshima bila kuachia swali linastahili kipindi chake kamili.

## Baada ya hati kuandikwa, kinafuata nini?

Kinafuata kiini cha somo lote, kwa hiyo usikose muda wa hapa hata ukilazimika kukata kwingine.

Hati ya kikundi A inakwenda kwa B na kwa C kwa wakati mmoja. B wanajenga: wanachora skrini kwenye karatasi, moja kwa kila hatua, wakifuata hati peke yake. C hawajengi. Wao wanaandika majaribio kutoka hati ileile: ingiza hiki, tarajia kile. B na C hawaonani. Kisha wanakutana, C wanaendesha majaribio yao juu ya skrini za karatasi za B, na A wanatazama bila kufungua mdomo.

Kila mahali ambapo jaribio la C linagongana na skrini ya B, mara nyingi hakuna aliyekosea kati yao. Wote wawili wameisoma hati kwa haki, wakaipata tofauti. A wanaona kwa macho yao sentensi yao ikizaa mifumo miwili. Hakuna maelezo ya mwalimu yanayoweza kumfikisha mwanafunzi pale.

Mwagize kila msomaji awe mkaidi, na ukaidi wake uwe wa haki: pale hati inaporuhusu tafsiri mbili, achague ile ambayo mwandishi hakuifikiria. Hati ikisema "mtumiaji ataingiza namba ya simu", anaingiza herufi. Ikisema "mfumo utaonesha wanachama wote", anaonesha orodha ya waliojitoa na waliofariki pia. Anafanya hivyo darasani ili mteja asije akafanyiwa hivyo kwa bahati mbaya.

## Nawafundishaje kuandika sentensi yenyewe ya sharti?

Sharti ni hitaji moja lililoandikwa kama sentensi moja. Wape violezo vichache na uwazuie kutoka nje yake kwa wiki kadhaa. Nashauri EARS, mtindo uliotangazwa 2009 na Alistair Mavin na wenzake wa kampuni ya Rolls-Royce, ambao walihitaji kuandika mahitaji ya mifumo ya kuongoza injini za ndege kwa lugha ya kawaida bila utata. Una maumbo matano, na yote yanakubali Kiswahili bila shida.

La kudumu: "Mfumo lazima uhifadhi jina na namba ya simu ya kila mwanachama." La tukio: "Mwanachama anapoomba mkopo, mfumo lazima uoneshe akiba yake hadi mkutano uliopita." La hali: "Kwa muda wote ambao mkutano umefungwa, mfumo lazima ukatae kupokea hisa." La jambo lisilotakiwa: "Endapo kiasi kinachoombwa kinazidi mara tatu ya akiba, basi mfumo lazima ukatae ombi na uoneshe kiwango cha juu kinachoruhusiwa." La hiari: "Pale ambapo kikundi kina mfuko wa jamii, mfumo lazima utenganishe fedha zake na fedha za hisa."

Yageuze kuwa mchezo wa kadi. Andika nusu sentensi kwenye kadi, zile za tukio au hali kwenye rundo moja na zile za matokeo kwenye lingine, na vikundi vizioanishe. Kadi zitakazobaki bila mwenzi zinaonesha hali ambazo hakuna aliyezisemea. Kila mara zinazobaki nyingi ni za umbo la nne. Wanafunzi huandika siku njema tu: mtandao upo, salio linatosha, mtumiaji hakosei.

Kuhusu maneno ya kupiga marufuku, orodha yangu ni "haraka", "rahisi", "husika", "ikibidi", "vizuri", "na kadhalika". Kikundi kikikamatwa na mojawapo, kinaweka namba au jina mahali pake. Vilevile chagueni "lazima" kuwa na maana moja tu katika hati nzima. Wahandisi wa intaneti walilazimika kufanya hivyo hivyo mwaka 1997 katika waraka wa RFC 2119, wakapanga uzito wa kila neno la amri wanalolitumia kwenye viwango vyao.

## Mifano ya ajali za kimataifa inasaidia?

Inasaidia ukiieleza kwa usahihi, na wengi hawaielezi hivyo. Roketi ya Ariane 5 iliharibika angani tarehe 4 Juni 1996, chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu kifaa cha mwelekeo kilichotoka kwenye Ariane 4 kilipokea thamani kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Ripoti ya uchunguzi ilisema mahitaji ya kifaa hicho hayakuwa na takwimu za njia ya Ariane 5 yenyewe. Huo ni mfano wa hati isiyo kamili: yaliyokuwa kweli kwa roketi ya zamani yalichukuliwa kuwa kweli kwa mpya.

Chombo cha Mars Climate Orbiter kilichopotea Septemba 1999 ni kisa tofauti. Huwa kinasimuliwa kana kwamba hakuna aliyeandika kipimo. Kipimo kiliandikwa, na kilikuwa cha mfumo wa metriki. Programu moja ya ardhini ikatoa namba kwa kipimo cha Kiingereza, na hakuna aliyelinganisha matokeo na hati. Kitumie kufundisha ukaguzi, si uandishi.

Lakini ukitaka mfano utakaobaki, chukua gunia. Peleka darasani sharti hili: "Mfumo urekodi idadi ya magunia ya viazi yaliyonunuliwa." Waliotoka Njombe na Uyole watacheka kabla hujamaliza kusoma. Gunia lipi? La kawaida au lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi? Sheria ya vipimo imekataza lumbesa na Wakala wa Vipimo huikamata, lakini mkulima anajua kinachomkuta shambani gari la mnunuzi linapofika. Mfumo unaohesabu magunia bila kilo unaandika hasara ya mkulima kama ununuzi halali. Wanafunzi wakiiona hiyo wanaelewa kwamba kipimo ndani ya hati ni suala la haki, na kuanzia hapo hawahitaji kukumbushwa kuandika kilo.

## Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya mia na viti vimefungwa sakafuni. Nifanyeje?

Fanya safu mbili zinazofuatana kuwa kikundi: wa mbele wageuke. Watu wanne au watano wanatosha, wakizidi sita, wawili wataanza kulala. Hati zihame kwa safu, mbele kwenda nyuma, ili mwandishi asikae jirani na msomaji wake.

Usijaribu kusikiliza kila kikundi kikiwasilisha. Kwa darasa kubwa wasilisho ndilo linalokula muda, na kwa somo hili halina faida kubwa. Bandika kazi ukutani au kwenye vioo vya madirisha, watu watembee wakiandika walichokielewa chini ya kila hati. Ukiwa na chumba kidogo, tumia changanyakete: kila kikundi kimtoe mtu mmoja aende kwingine akiwa na hati mkononi na marufuku ya kuieleza.

## Maabara ina kompyuta chache na umeme unakatika.

Kwa wiki sita za kwanza huhitaji kompyuta hata moja. Karatasi za manila, kalamu rashasha, gundi na mkasi. Kompyuta huleta tatizo lake hapa: skrini iliyochorwa vizuri inampa mwanafunzi hisia kwamba kazi imekwisha, na anaona uchungu kuifuta. Karatasi anaikunja anatupa.

## Waandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Mazungumzo na mteja yawe kwa Kiswahili, bila mjadala, kwa sababu ndiyo lugha ya mteja. Rasimu ya kwanza nayo iwe ya Kiswahili, maana ndiyo ambayo mteja ataweza kuisoma na kusema "hapana, sikusema hivi". Hati ya mwisho ya kutahiniwa iandikwe kwa lugha inayotakiwa na chuo. Kupita kati ya lugha mbili kunafichua mapengo, kwa hiyo usilione kama kazi ya ziada. Sharti lisilohamishika vizuri mara nyingi halikueleweka tangu mwanzo.

## Kuna kikundi ambacho mtu mmoja anafanya kila kitu.

Gawa majukumu kwa kadi, na kadi zizunguke kila kipindi. Michael Fagan wa IBM aliweka wazi mwaka 1976, katika utaratibu wake wa ukaguzi, kwamba kila aliyeketi mezani awe na jukumu lake linalojulikana, na kwamba kikao kitafute makosa, kisiyatatue. Nimeona kanuni hiyo ya pili ikiokoa vikao vya wanafunzi kuliko nyingine yoyote. Wakiruhusiwa kutatua, mwenye sauti kubwa anatatua, wengine wanamtazama. Wakiagizwa kutafuta tu, hata mkimya anaweza kunyoosha kidole: mstari wa saba, sijui "yeye" ni nani.

Tazama pia nani anapewa kazi ya kuandika. Wasichana wengi huishia kuwa makatibu kwa sababu ya hati nzuri ya mkono, na wavulana wanabaki kuuliza maswali. Kadi inayozunguka inamaliza hilo bila hotuba.

## Natoaje alama kwa haki?

Nusu ya alama za mwandishi zitokane na kilichotokea msomaji alipoitumia hati, na nusu na marekebisho aliyofanya baadaye. Msomaji naye apate alama kwa kila pengo la kweli alilolifichua. Bila hilo vikundi jirani vitalindana, na huwezi kuwalaumu, ni watu wa bweni moja. Mwenye kufichua akilipwa na mwenye kurekebisha akalipwa, hakuna anayepoteza kwa ukweli kusemwa.

Usihesabu kurasa. Hati ya kurasa tatu iliyojengwa sawasawa na vikundi viwili visivyoonana ni bora kuliko ya kurasa arobaini iliyonakiliwa vichwa vya habari.

## Wanafunzi wanasema siku hizi ni kazi za mizunguko mifupi, hati imepitwa na wakati.

Tamko la Agile la 2001, la watetezi wa hiyo mizunguko mifupi, lilithamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nene. Halikusema watu waache kuelewana. Timu inayofanya kazi kwa wiki mbilimbili bado inaandika hadithi za watumiaji na vigezo vya kukubali kazi, na vigezo hivyo ni masharti yaleyale, mafupi zaidi. Fanya shughuli ya A, B na C kwa kadi tatu badala ya hati nzima, uone kama mapengo yatapungua.

## Na wanaosema akili mnemba itaandika kila kitu?

Akili mnemba ni msomaji ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo. Inajaza mapengo bila kuuliza, kwa ujasiri, na inajaza kwa mazoea ya kwingine, si ya mweka hazina wa Mwanjelwa. Kama chuo kina mtandao, ifanye kuwa kikundi D: ipewe hati ileile, ijenge, na C waijaribu kwa majaribio yao. Mwanafunzi anayejua kuandika sharti lisilo na utata ana kazi zaidi sasa kuliko zamani.

## Ni lini wakutane na wateja wa kweli?

Baada ya duru mbili za igizo, mapema zaidi ni kuwapotezea watu muda wao. Mama muuza mchele wa Kyela pale Soko la SIDO hana nusu saa ya kufundishia wanafunzi kuuliza. Nendeni asubuhi kabla wateja hawajajaa au mchana soko likitulia, wawili wawili, si kundi la watu kumi na daftari. Vyama vya msingi vya kahawa Mbozi na wakulima wa parachichi Rungwe ni wazuri kwa mahitaji ya mizigo na malipo, ila msifike msimu wa mavuno mkitegemea kusikilizwa.

Jambo la lazima: wasichukue majina, namba za simu wala picha za daftari la mikopo la mtu. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika nchini, na mwanafunzi anayejifunza kuandika mahitaji ajifunze hapohapo kwamba taarifa za watu zina wenyewe. Aombe ruhusa, abadili majina, na kanuni hiyo iingie ndani ya hati yake kama sharti.

Na mrudi. Hati ikikamilika, wawili walewale wapeleke nakala ya Kiswahili kwa mama yule, wamsomee skrini za karatasi moja baada ya nyingine, wamwachie kalamu nyekundu. Atakachokikata ndicho kitakachokwenda kwenye kipindi kinachofuata.